Strikemaster Sokoni: Nani Anajua Kama Bado Inafaa Kuruka?

Matangazo ya kuuza jeti za kivita za zamani yanafanana. Kuna picha ya ndege iliyong'arishwa, idadi ya saa ilizoruka tangu itoke kiwandani, saa zilizobaki za injini, na mwishoni ahadi kwamba ndege inaruka vizuri na haina shida. Bei nayo humvuta mtu. Jeti ya mafunzo ya miaka ya 1960 au 1970, yenye viti viwili na uwezo wa kupita kilomita 700 kwa saa, inaweza kuuzwa kwa fedha pungufu kuliko ndege mpya ya pangaboi ya viti vinne. Mpenzi wa ndege mwenye hela akiona hivyo, hujiuliza kama ataimudu.

Kuna swali linalotangulia hilo: nani anaweza kuthibitisha kwamba chombo hiki bado kinafaa kuruka, na atalithibitisha kwa kutumia nini? Makala haya yanashikilia kwamba rangi, bati na mlio wa injini havitoshi kulijibu. Jibu linategemea kumbukumbu zisizokatika, na watu na spea ambao bado wapo kuihudumia ndege hiyo. Jeti iliyokosa hivyo ni ya makumbusho, hata kama injini yake inawaka kila ikiwashwa.

Ndege iliyopitia mikono mingi

Tuchukue BAC 167 Strikemaster, kwa kuwa historia yake inawagusa wasomaji wa Kiswahili kuliko jeti nyingi zilizoko sokoni. Ilizaliwa kutokana na Jet Provost, ndege iliyofundishia marubani wa Jeshi la Anga la Uingereza, na ya kwanza iliruka Oktoba 1967. Waingereza hawakuitumia jeshini mwao. Iliundwa kwa wateja wa nje waliotaka ndege moja ya kufundishia na kushambulia ardhini: injini moja ya Rolls-Royce Viper, bunduki mbili za milimita 7.62, na nafasi za mabomu na roketi chini ya mabawa. Saudi Arabia, Yemen Kusini, Oman, Kuwait, Singapore, New Zealand, Ecuador na Sudan zote ziliichukua. Kenya ilinunua sita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Botswana ilizipata baadaye zikiwa zimeshatumika kwingine.

Zilizofanya kazi ngumu kuliko zote ni za Oman. Katika vita dhidi ya waasi huko Dhofar, kusini mwa nchi hiyo, ziliruka kutoka Salalah kila siku ya Mungu, na tarehe 19 Julai 1972, mawingu yakiwa yametanda chini kabisa, zilisaidia kuwarudisha nyuma wapiganaji walioushambulia mji wa Mirbat. Marubani walishuka chini kiasi kwamba bunduki za kawaida ziliwafikia. Kufikia 1975 wapinzani walikuwa na makombora ya SA-7 ya kubeba begani, na Strikemaster ilidunguliwa kwa kombora hilo.

Majeshi yalipozistaafisha, nyingi ziliingia mikononi mwa raia: Uingereza, Marekani, Australia, New Zealand. Kwa mnunuzi wa leo, orodha ya nchi ambazo ndege ilizitumikia ndiyo kurasa za mwanzo za faili la mgonjwa. Ndege iliyokaa miaka mingi kando ya Bahari ya Hindi imelambwa na chumvi. Iliyoruka chini kwa kasi kwenye hewa ya joto inayotikisika imechosha mabawa yake haraka kuliko iliyofundishia marubani juu ya tambarare. Iliyopigana huenda ina viraka vya matundu ya risasi vilivyowekwa usiku ili ndege irudi kazini asubuhi, na kiraka kilichowekwa kwa haraka ya vita hakikukusudiwa kudumu nusu karne. Ndege mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja, zenye saa zinazolingana, zinaweza kuwa na afya tofauti kabisa.

Cheti ambacho haijawahi kuwa nacho

Watu wengi hudhani kwamba ndege ikitoka jeshini hubadilishiwa cheti tu, kama gari la serikali linavyobadilishiwa namba baada ya mnada. Mambo hayako hivyo. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, unasema katika Ibara ya 3 kwamba unahusu ndege za kiraia peke yake. Ndege za jeshi, forodha na polisi ziko nje. Ndege ya abiria hupata cheti cha ustahiki wa kuruka baada ya aina yake nzima kupimwa na mamlaka ya kiraia: nguvu ya mabawa, tabia yake injini ikizimika, jinsi moto unavyodhibitiwa. Jeti ya kivita ilipimwa na jeshi, kwa vigezo vya jeshi, na kwa kukubali hatari ambazo mtu wa kawaida aliyekata tiketi hawezi kutakiwa azikubali.

Kwa hiyo mamlaka za kiraia zimetafuta njia ya pembeni. Uingereza hutoa kibali cha kuruka chenye masharti, na mmiliki analazimika kufuata mwongozo uitwao CAP 632, unaodai awe na utaratibu ulioandikwa wa uendeshaji, matengenezo na mafunzo ya marubani. Marekani huiweka ndege hiyo katika kundi la majaribio, kwa ajili ya maonyesho, na neno la kumtahadharisha abiria kwamba ndege ni ya majaribio lazima liandikwe mahali atakapoliona anapopanda. Australia ina kundi lake lenye mipaka maalumu.

Tofauti hizi zina uzito kwa mnunuzi. Chini ya Ibara ya 33 ya Mkataba wa Chicago, nchi hulazimika kukitambua cheti cha nchi nyingine endapo kilitolewa kwa kufikia viwango vya kimataifa. Kibali cha jeti ya zamani hakifikii viwango hivyo, na hakikukusudiwa kuvifikia. Ndege inayoruka kihalali Uingereza haina haki ya kuvuka mpaka bila ruhusa ya kila nchi inayopitiwa. Na mtu wa Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe anayeota kuileta nyumbani ajue kwamba mamlaka ya anga ya kwao (KCAA, TCAA au UCAA) haifungwi na kibali cha Marekani. Anaweza kununua ndege yenye karatasi halali kule ilipo, ikamfikia ikiwa mzigo ndani ya kontena.

Sheria pia huchora mpaka kwa kuangalia ugumu wa ndege yenyewe. English Electric Lightning, jeti ya injini mbili iliyopita mara mbili kasi ya sauti, haikuruhusiwa kuruka kiraia nchini Uingereza iliko asili yake. Ndiyo maana zilizotaka kuruka zilihamia Afrika Kusini. Yaliyotokea huko nitayaeleza mbele.

Daftari kwanza

Mkaguzi anayejua kazi yake haanzi na ndege. Anaomba meza, taa na madaftari yote. Analinganisha namba ya injini iliyoandikwa na iliyogongwa kwenye bamba la injini yenyewe. Anafuata saa ukurasa kwa ukurasa kuona kama jumla ya mwisho wa daftari moja ndiyo mwanzo wa linalofuata. Anatafuta miaka mitupu: ndege iliegeshwa wapi kati ya kustaafu jeshini na kusajiliwa uraiani, chini ya paa au juani, na nani aliitayarisha kwa kulala? Kisha anachukua kila sehemu yenye umri wa kisheria, kuanzia vyuma vya magurudumu hadi mitungi ya oksijeni, na kuomba karatasi inayoonyesha ilitoka wapi na ilifungwa lini.

Sababu ya kuanza hapo ni kwamba umri wa jeti huhesabiwa kwa njia nne ambazo haziendi pamoja. Kuna saa za kuruka. Kuna idadi ya kutua, ambayo huzeesha miguu na breki. Kuna kalenda, ambayo huozesha mpira na kula metali hata ndege ikiwa imelala. Na kuna hesabu ya mikazo, yaani mara ngapi mabawa yalibebeshwa uzito mara mbili, tatu au tano ya ule wa kawaida. Tangazo hutaja hesabu ya kwanza, ambayo mara nyingi ndiyo yenye faida kwa muuzaji. Ndege yenye saa 2,500 baada ya miaka 50 inaonekana haijatumika. Kwa hesabu ya kalenda ni kikongwe.

Ajali ya Shoreham, kusini mwa Uingereza, ilionyesha jinsi karatasi halali zinavyoweza kuficha ndege isiyo halali. Tarehe 22 Agosti 2015, Hawker Hunter iliyoundwa mwaka 1955 ilishindwa kumaliza mzunguko wa wima kwenye maonyesho, ikaangukia barabara kuu ya A27 na kuua watu 11. Ripoti ya wachunguzi iliyotoka Machi 2017 ilieleza kwamba chanzo kilikuwa jinsi ndege ilivyorushwa: iliingia kwenye mzunguko ikiwa na kasi ndogo, na ilipofika kileleni haikuwa na kimo cha kutosha kuumaliza. Lakini wachunguzi walipopekua matengenezo walikuta jambo jingine. Kibali kilikuwepo na tarehe yake haikuwa imepita, ilhali ndege yenyewe haikuwa ikitimiza masharti ya kibali hicho. Kulikuwa na kasoro ambazo fundi hakuwahi kuambiwa. Fataki za viti vya kufyatuka zilikuwa zimepitiliza muda wake. Hayo hayakuiangusha ndege siku ile, lakini mnunuzi yeyote angeonyeshwa kibali na kuridhika.

Kibali, basi, ni ushahidi kwamba siku fulani mtu fulani alitia saini. Mkaguzi anatafuta kilichofanyika kabla na baada ya saini.

Bawa linavyochoka

Baada ya karatasi huja metali, na hapa Strikemaster ina historia isiyopendeza. Aluminiamu ikibebeshwa mzigo na kuachiwa mara elfu kadhaa hufanya kama waya unaokunjwa huku na huku: haionyeshi dalili, haionyeshi dalili, halafu inakatika. Wahandisi wa Uingereza walilijua hilo, na ndege zao nyingi za kivita zilifungwa kifaa kinachohesabu mara ngapi ndege imevuka kila kiwango cha mkazo. Baada ya kila safari namba ziliandikwa, zikapigiwa hesabu, na kutoa kipimo cha uchovu kinachoonyesha sehemu gani ya maisha ya bawa imeshaliwa. Ukiwa na namba hizo tangu siku ya kwanza, unajua ulipo. Zikikosekana miaka mitano tu, kwa sababu kifaa kiliharibika au mmiliki wa kiraia alikiondoa, mnunuzi hana budi kukadiria, na makadirio ya uaminifu ni yale yanayochukulia mabaya zaidi.

Jeshi la Anga la New Zealand lilikuta nyufa za uchovu kwenye mabawa ya Strikemaster zake, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 likazibadilisha kwa Aermacchi MB-339. Tarehe 5 Oktoba 2006, Strikemaster ya kiraia karibu na Bathurst, Australia, iliyokuwa imebeba rubani na abiria mmoja, ilipoteza bawa la kulia angani. Wote wawili walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba uchovu wa metali ulishatangulia kuipasua sehemu ambamo bawa linaungana na kiwiliwili.

Muungano huo ndio mkaguzi anaokwenda kuutazama akishamaliza kusoma. Kila bawa limeshikwa na masikio mazito ya metali yenye tundu, na pini nene hupita katikati. Ufa huanzia ndani ya tundu, mahali ambapo jicho halifiki pini ikiwa bado imo. Kutazama kwa tochi hakusaidii kitu. Inabidi mzigo wa bawa upunguzwe, pini itolewe, na ukuta wa tundu upimwe kwa kifaa cha mkondo wa umeme ambacho mshale wake huruka kikipita juu ya ufa mwembamba kuliko unywele. Sehemu nyingine hupakwa rangi ya kupenya, ikafutwa, kisha ikatiwa unga mweupe. Ufa ukiwepo, mstari mwekundu hujichora wenyewe. Muuzaji akikataa pini zisitolewe kwa maelezo kwamba ndege ilikaguliwa mwaka jana, aonyeshe ripoti ya upimaji huo yenye jina la aliyepima, kifaa alichotumia na namba alizopata. Asipokuwa nayo, mnunuzi hana habari yoyote kuhusu bawa hilo.

Kutu nayo ina maficho yake. Hukaa chini ya sakafu ya chumba cha rubani ambako jasho na maji ya mvua hutuama, ndani ya mabawa kwenye mistari ya ribiti, na pale ambapo aluminiamu imegusana na chuma. Aina mbaya kuliko zote huichambua metali tabaka kwa tabaka hadi ivimbe kama kitabu kilicholowa. Rangi mpya inayong'aa haimfariji mkaguzi. Anajiuliza kilichofanyika kabla ya kupaka: je, metali ilisafishwa na kutibiwa, au mapovu yalikwanguliwa tu na kufunikwa?

Injini na mpira unaozeeka

Viper ina asili ya ajabu. Ilibuniwa kwanza kwa ajili ya Jindivik, ndege isiyo na rubani iliyorushwa ili idunguliwe kwenye mazoezi, kwa hiyo ilitakiwa kuishi saa 10 tu. Baadaye iliimarishwa ikawa mojawapo ya injini ndogo za jeti zinazoaminika, ikasukuma ndege za mafunzo na hata ndege za kibiashara za abiria wachache. Ni injini rahisi kuielewa, na hiyo ni heri kwa mnunuzi. Hata hivyo, urahisi wa kuielewa haupunguzi masharti: Viper ina saa zake za ovahauli, na diski zinazozunguka zina kikomo ambacho hakiongezwi kwa sababu mwenye ndege anaona bado ziko nzima. Diski ikipasuka katika kasi ile, hakuna gamba la injini linaloizuia.

Ukaguzi wa injini huanza mbele. Fundi hujiingiza kwenye mdomo wa kuvutia hewa, akatazama safu ya kwanza ya mapanga ya kompresa kwa tochi na kupitisha kidole kwenye makali, akitafuta mikwaruzo ya mawe na alama za tupa. Alama ya tupa si kosa; ni ushahidi kwamba mtu aliwahi kukuta jeraha na kulilainisha, na lazima iwe imeandikwa mahali. Kisha kamera nyembamba hupitishwa ndani hadi kwenye vyumba vya moto na turbaini. Sampuli ya oili hupelekwa maabara kutafuta chembe za metali. Mwisho injini huwashwa, na joto la moshi, mgandamizo wa oili na muda inaochukua kufikia nguvu kamili hulinganishwa na vipimo vya zamani vilivyoandikwa.

Kinachoua injini nyingi zilizolala hakina hata chembe ya metali. Ni mpira. Sili, hozi na utando ndani ya pampu ya mafuta hukauka kwa miaka, na ndege ikianza kurushwa tena huvuja au hupasuka mafuta yakiwa chini ya mgandamizo mkubwa. Hozi zina tarehe za kutengenezwa, na mkaguzi huzisoma moja moja. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba injini ina saa 400 kabla ya ovahauli aulize pia ni mwaka gani ovahauli ya mwisho ilifanyika. Kama ni miaka 25 iliyopita, saa hizo 400 ni namba tu.

Uzembe mdogo nao una nafasi yake. Mei 2012, Avro Vulcan XH558, ndege ya kivita iliyorudishwa angani kwa michango ya maelfu ya Waingereza, ilipoteza injini mbili kwa mpigo ikiwa mbioni kupaa. Vifuko vya kemikali ya kunyonya unyevu, vilivyowekwa kuilinda ndege ilipolala, vilisahaulika kwenye njia ya hewa. Injini moja ilivimeza, na ya jirani yake ikafuata. Walioihudumia walikuwa wataalamu wenye nyaraka nzuri kuliko karibu mradi wowote wa aina hiyo. Kwa hiyo mnunuzi anapokagua ndege, anakagua pia desturi za hanga: kuna orodha ya vilivyoingizwa ndani ya ndege na vilivyotolewa? Kila bisibisi ina mahali pake?

Kiti chenye baruti

Hakuna sehemu inayoitofautisha jeti ya kivita na ndege ya kiraia kama kiti cha kufyatuka. Strikemaster ina viwili vya Martin-Baker, vimekaa ubavu kwa ubavu. Ni kifaa cha uokozi na ni silaha iliyojazwa risasi. Baruti yake ina tarehe ya mwisho tangu ilipotengenezwa, na nyingine fupi zaidi tangu ilipofungwa ndani ya ndege. Mwavuli wake lazima ufunguliwe na kukunjwa upya kwa ratiba. Kifuniko cha kioo kina fataki zake chenyewe.

Novemba 2009, kwenye maonyesho ya anga ya Overberg huko Bredasdorp, Afrika Kusini, Lightning ya kiraia ilishika moto sehemu ya nyuma na kupoteza hidroliki. Rubani alijaribu kujiokoa. Kifuniko kilikataa kutoka, na kifuniko kisipotoka kiti hakiendi. Alianguka na ndege. Miaka miwili baadaye, Novemba 2011, kiti kilifyatuka bila kukusudiwa kwenye Hawk, jeti ya kikosi cha maonyesho cha jeshi kiitwacho Red Arrows, iliyokuwa imesimama chini katika kambi ya Scampton, Uingereza, na mwavuli haukufunguka kwa sababu boliti moja ilikazwa kupita kiasi. Rubani alikufa. Huyo alikuwa jeshini, kwenye ndege yenye kila aina ya msaada wa kiwanda. Mtu binafsi ana boliti zilezile na msaada pungufu.

Na msaada huo unazidi kupungua. Martin-Baker imejiondoa katika kuhudumia viti vyake vya kizamani vilivyo mikononi mwa raia. Bila fataki mpya kutoka chanzo kinachoaminika, mwenye ndege hubaki na njia mbili: kuviua viti hivyo na kuruka akijua kwamba hatoki, au kuiegesha ndege. Strikemaster, kwa kuwa mabawa yake yamenyooka na hutua kwa kasi ya chini kuliko jeti za mabawa yaliyolala nyuma, humpa rubani nafasi ya kutua injini ikizimika, ili mradi kuna kiwanja karibu. Juu ya milima au msitu nafasi hiyo haipo. Tangazo linalosema viti havina baruti limetaja jambo kubwa kuliko linavyokiri, na lingefaa kupunguza bei kwa kiasi kikubwa.

Wanaobaki na ujuzi

Vulcan ileile iliruka mara ya mwisho Oktoba 2015. Haikuanguka, wala haikupatikana na ufa mkubwa. Kampuni zilizokuwa zikiidhinisha kitaalamu usalama wake ziliamua kutoendelea, kwa kuwa waliobobea katika mifumo ile walikuwa wakistaafu na ndege ilikuwa imeshavuka umri wa ndugu zake wote. Wakati watu wakijaa viwanjani kuishangilia, sahihi za wahandisi ndizo zilizokwisha.

Hilo litaifika kila jeti ya kizazi hicho, na mnunuzi anapaswa kuuliza limebakiza miaka mingapi kabla ya kuifika ya kwake. Michoro ya kiwanda iko kwa nani? Nani anaruhusiwa kupokea simu na kujibu kwamba ufa wa milimita mbili mahali fulani unakubalika au haukubaliki? Spea zinatoka wapi: kwenye akiba ya jeshi iliyohifadhiwa na karatasi zake, au kwenye ndege nyingine iliyochinjwa? Fundi hodari wa Cessna Caravan pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, anaweza kuisoma Viper akaielewa, lakini hana sababu yoyote ya kuwa amewahi kukishika kiti cha kufyatuka, na hapaswi kujifunzia kwenye hicho chako.

Rubani naye ni sehemu ya ustahiki wa kuruka. Mwezi Septemba 1972, F-86 Sabre ya kiraia ilishindwa kupaa Sacramento, California, ikavuka barabara na kuingia katika duka la aiskrimu lililojaa familia. Watu 22 walikufa, 12 kati yao watoto. Ndege haikuwa na hitilafu ya kueleza msiba ule. Rubani alikuwa na saa zisizofika nne katika aina ile ya ndege na aliinua pua kupita kiasi, ndege ikagoma kuongeza kasi. Baada ya hapo Marekani ilikaza masharti juu ya nani anaruhusiwa kurusha jeti hizi na wapi. Aliyezoea pangaboi huona jeti ikichelewa kuitikia mkono wa nguvu kwa sekunde kadhaa, na karibu na ardhi sekunde hizo ndizo zinazoamua.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wanaoona ukali huu umezidi, na wana hoja. Majeshi huuza ndege kwa sababu nyingi: bajeti, mabadiliko ya mbinu za vita, kuja kwa aina mpya. Kustaafishwa si lazima iwe kwa ubovu, na Jet Provost na Strikemaster zimerushwa na raia kwa miongo kadhaa kwa sababu ni ndege za mafunzo, zilizoundwa zivumilie makosa ya wanafunzi. Mmiliki makini anayeruka saa 20 kwa mwaka, bila sarakasi, huikaza ndege yake kidogo sana kuliko jeshi lilivyofanya. Tena historia ya anga haiwezi kuhifadhiwa yote chini ya paa. Wazee waliopigana Dhofar wakiusikia mlio wa Viper hukumbuka mambo ambayo hakuna ubao wa makumbusho unaoyasema.

Hoja hizo zina nguvu mradi mmiliki ni yule aliyeelezwa: makini, asiyefanya sarakasi, mwenye kumbukumbu kamili. Zinapoteza nguvu pale ndege inapobadilisha mikono, kwa sababu umakini hauuzwi pamoja na ndege. Kinachouzwa ni kile alichokiandika. Na kwa waliokuwa wakipita barabara ya A27 au wakila aiskrimu Sacramento, uhuru wa mtu mzima kuchagua hatari yake mwenyewe ulikuwa maneno matupu, hawakuulizwa.

Hukumu

Ukaguzi wa kweli una mpangilio, na mpangilio wenyewe ni kinga dhidi ya mapenzi. Madaftari kwanza. Kisha hesabu ya uchovu na muungano wa mabawa, pini zikiwa nje. Kisha kutu, injini na kila chenye mpira. Kisha viti. Kisha majina ya watu na kampuni watakaoihudumia kwa miaka kumi ijayo. Kisha barua kutoka mamlaka ya anga ya nchi itakakorukia, iliyopatikana kabla ya malipo. Mkaguzi alipwe na mnunuzi, asiwe na undugu wala biashara na muuzaji, na aijue aina hiyo ya ndege kwa mikono yake. Hatua moja ikikwama, zinazofuata zisubiri. Safari ya majaribio iwe ya mwisho, kwa sababu mtu akishairusha Strikemaster mara moja hawezi tena kuhukumu kwa haki.

Mnunuzi akipata majibu yote, atakuwa amelipa pesa nyingi kabla hajaimiliki ndege, na huenda jeti aliyoambiwa ni rahisi ikamgharimu zaidi ya mara mbili ya bei ya tangazo. Hiyo ndiyo bei yake halisi. Asipoyapata, bado anaweza kuinunua, kuiosha vizuri na kuiweka mahali watoto wa shule wataiona. Asiirushe.